Haki ya Maiti Tusiyemjua



Katika nchi ya Ufaransa, upande wake wa kusini-magharibi, kuna kijiji kiitwacho Gréalou. Kiko katika jimbo la Lot, juu ya uwanda wa mawe ya chokaa, baina ya mji wa Figeac na mji wa Cajarc. Wakazi wake hawafiki 500. Ni nchi ya kondoo na kuta za mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala chokaa ya kuyashika, na kijijini pana kanisa dogo la kale. Mtu apitaye na haja zake hana sababu kubwa ya kusimama hapo. Lakini nje ya kijiji, mahali paitwapo Pech-Laglaire, pana kaburi. Mawe mapana yamesimamishwa yakaelekeana, na juu yake limelazwa bamba moja zito la jiwe, mfano wa kiunza juu ya mwanandani. Wataalamu wasema kuwa makaburi ya namna hii katika sehemu hizo yana umri wa miaka 5,000 hivi, mengine zaidi kidogo, mengine pungufu. Jina la aliyezikwa humo halijulikani, wala lugha yake, wala alichokiabudu.

Mbele ya kaburi hilo hupita njia. Njia hiyo yaanzia mji wa Le Puy, yavuka nyanda za baridi za Aubrac, yateremka Conques, yapita Figeac na Gréalou, kisha yaendelea mpaka milima ya mpaka wa Hispania na kuishia mji wa Santiago de Compostela. Huko ndiko Wakristo wa Kikatoliki waaminiko kuwa amezikwa Yakobo, mmoja wa Hawariyuna wa Nabii Isa (A.S.). Askofu wa Le Puy aitwaye Godescalc alifunga safari hiyo mwaka 950, na yeye ni katika wasafiri wa mwanzo wa Ufaransa ambao majina yao yamehifadhiwa. Tangu hapo wamepita wafalme na maskini, wagonjwa na wezi, na watu waliohukumiwa na makadhi wao kwenda kwa miguu iwe kafara ya makosa yao.

Basi mwaka 1998 shirika la UNESCO, lile lile lililouandika mji wa Lamu mwaka 2001 na magofu ya Gedi mwaka 2024, liliziandika njia za Santiago za Ufaransa katika orodha ya urithi wa walimwengu. Halikuweza kuandika njia yote, kwa hiyo lilichagua majengo 71 na vipande 7 vya njia. Mengi katika hayo ni makanisa, mahospitali ya zamani, madaraja na malango ya miji. Na mojawapo ni kaburi hilo la Pech-Laglaire.

Kijana mmoja wetu afundishaye watoto jografia ndiye aliyeileta habari hii darsani, nasi tulicheka kwanza. Kaburi lililotangulia kuzaliwa kwa Nabii Isa kwa maelfu ya miaka limewezaje kuhesabiwa katika mali ya ziara ya Kikristo? Maiti yule hakumjua Yakobo wala Santiago. Njia ndiyo iliyomfuata yeye. Lakini baada ya kicheko ndugu yetu mmoja, mtu wa maneno machache, aliuliza swali ambalo limetushughulisha tangu siku hiyo: Je, maiti huyo ana haki yoyote juu yetu? Si Muislamu, si Mkristo, si jamaa ya mtu yeyote aliye hai ajulikanaye. Hakuna wa kumdai mtu kwa ajili yake. Je, mtu akilivunja lile kaburi kesho akajengea zizi la kondoo, amemdhulumu nani?

Tulidhani jibu ni jepesi. Halikuwa jepesi.

Yafaa kwanza tuwatazame watu hao kwa kadiri ya yanayojulikana. Kaburi la namna hii, ambalo Wafaransa huliita dolmeni, halikuwa la mtu mmoja. Watu wa mahali walizikana humo kizazi baada ya kizazi. Alipokufa mtu, mifupa ya waliotangulia husogezwa kando kwa taratibu ili apate nafasi mgeni. Milango ya mengi katika makaburi ya uwanda ule huelekea mawio ya jua. Juu ya mawe kulirundikwa kifusi mpaka kikawa kilima kidogo, na haya mawe tuyaonayo leo yakiwa wazi ni mbavu tu za kilichobakia. Bamba la juu lina uzito wa tani kadhaa. Walilivuta kwa kamba na magogo na mikono, hawakuwa na chuma. Nyumba zao wenyewe hazikubaki, maana walizijenga kwa miti na udongo. Maiti wao ndio waliojengewa kwa mawe.

Katika nyanda za Lozère, mashariki ya hapo, daktari mmoja aitwaye Prunières alifukua makaburi ya aina hiyo katika miaka ya 1870. Alikuta mafuvu ya watu yaliyotobolewa tundu walipokuwa hai, na ukingo wa tundu umeota mfupa mpya. Maana yake ni kuwa mgonjwa aliishi baada ya kutobolewa, huenda kwa miaka. Mtu mwenye tundu kichwani hawezi kujilisha wala kujiosha siku za mwanzo, basi bila ya shaka alikuwapo aliyekaa naye usiku. Lakini daktari huyo huyo alikuta pia vipande vya mviringo vilivyokatwa katika mafuvu ya watu, vingine vimetobolewa vipate kuvaliwa. Yaani hirizi. Huruma na hirizi zilitoka katika kaburi moja. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, tutalirudia.

Hapo Figeac, mwendo usiotimia siku moja kwa miguu kutoka Gréalou, ndipo alipozaliwa mwaka 1790 Jean-François Champollion, ambaye mwaka 1822 alifumbua maandishi ya Mafirauni. Kwa kazi yake maiti wa Misri wakasema, na leo twajua majina yao na madaraka yao na mengi waliyojisifia. Na nyuma ya mji wake mwenyewe walikuwa wamelala maiti wasioacha hata herufi moja. Hao hapana Champollion atakayewasemesha.

Kwa kuwa hawasemi, watu waliwasemea. Katika karne ya 18 na ya 19 wasomi wengi wa Ufaransa walishika kuwa dolmeni ni madhabahu ya makasisi wa Kigauli, ambapo watu walichinjwa na damu ikatiririka juu ya jiwe. Picha zilichorwa, vitabu vikauzwa. Baadaye ikabainika kuwa mawe yale yaliwatangulia Wagauli kwa zama nyingi, na kuwa si machinjio bali ni makaburi. Watu waliowazika wazazi wao kwa taabu kubwa walisingiziwa kuwa ni wauaji, kwa muda wa vizazi kadhaa, wala hapakuwa na wa kuwatetea. Je, hiyo si dhulma? Na kama ni dhulma, aliyedhulumiwa ni nani?

Hapa ndipo ndugu yetu mmoja alipotukumbusha kisa cha Firauni na Nabii Musa (A.S.) katika Sura Taha. Firauni, aliposhindwa hoja, aliuliza: na hivyo vizazi vya zamani, hali yao ni ipi? Naye Musa hakuwatukana wale wa kale wala hakuwatakasa. Alimjibu kuwa habari yao iko kwa Mola wake katika kitabu, naye Mola hakosei wala hasahau. Tuliona kuwa jibu hili latutosha kwa upande mmoja. Wametulazimu wanazuoni tuseme kuwa Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka apeleke Mtume, na kuwa wapo Mitume ambao hatukusimuliwa habari zao. Sasa nani atakayesema kwa yakini kuwa uwanda ule wa chokaa haukufikiwa na mwonyaji? Hatusemi kuwa ulifikiwa. Twasema kuwa faili yao si yetu kuifungua.

Lakini kuitoa hukumu mikononi mwetu si sawa na kuutoa wajibu. Mtume wetu (S.A.W.) alisimama jeneza lilipopita, akaambiwa kuwa ni la Myahudi, naye akawauliza kama huyo naye si nafsi. Na mazishi yenyewe yamewatangulia Mayahudi na Wakristo na kila umma ujulikanao. Kunguru alipelekwa kufukua ardhi ili amwoneshe mwana wa Adam namna ya kumsitiri nduguye aliyemwua. Kwa hiyo mtu aliyezikwa Pech-Laglaire alisitiriwa kwa elimu ile ile tuliyositiriwa nayo sisi. Sitara ile hatukuitoa sisi, na hatuoni kwa haki gani tutaivua.

Mzee wetu mmoja, ambaye hapendi maneno ya laini, alitupinga. Alisema: mahali ulipojengwa msikiti wa Mtume Madina palikuwa na makaburi ya washirikina, na yalifukuliwa. Hadithi ni sahihi, hatukuweza kuikwepa wala hatukutaka kuikwepa. Isitoshe, mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi'i wameruhusu ardhi ya makaburi itumike pindi maiti atakapokwisha kuoza akawa udongo. Basi, alisema mzee, miaka 5,000 haitoshi?

Jibu lilitoka mahali tusipotazamia, kwa yule kijana wa jografia. Alisema kuwa haitoshi. Katika nchi ya Brittany, kaskazini-magharibi ya Ufaransa, ambako makaburi makubwa ya mawe ni mengi, udongo una ukali unaoila mifupa, na mara nyingi haibakii kitu. Lakini uwanda wa Lot ni wa chokaa, na chokaa huhifadhi mfupa. Watu wa miaka 5,000 hupatikana na meno yao. Kisha akatuuliza: na pwani yetu hii imejengwa juu ya nini? Tukanyamaza. Pwani yetu ni matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Fakihi alisema mpaka awe udongo, hakusema mpaka asahauliwe. Sisi ndio tuliobadilisha sharti moja kwa jingine bila ya kujua.

Hatuna budi hapa kueleza jambo letu wenyewe, ingawa kulieleza ni uzito.

Ukingoni mwa mtaa wetu mmoja palikuwa na makaburi ya kale, na katikati yake kaburi moja la mnara lililotiwa mabakuli ya kaure. Maandishi yake yalikuwa yamefutika. Watu walifunga vitambaa hapo, wakafukiza ubani, wakaacha senti, wakamwomba mwenye kaburi watoto na mvua na kurejea kwa waume. Sisi tulihutubu dhidi ya jambo hilo miaka mingi, na hatujutii hotuba hata moja. Kisha mwenye kiwanja akataka kujenga maduka. Alitujia kutuuliza, kwa adabu, kama tuna neno. Tukamwambia hatuna. Na tuseme kweli yote: tulifurahi. Tulijiambia kuwa kaburi likiondoka na shirki itaondoka. Trekta ilifanya kazi siku mbili, udongo ukachukuliwa kwa lori ukamwagwa bondeni, na watoto wa chuo wakaokota taya la mtu wakalileta madrasani kutuonesha.

Vitambaa havikumaliza mwezi. Vilihamia kwenye mbuyu ulio nyuma ya maduka.

Na tulikuja kujua baadaye kuwa mzee mmoja wa mtaa ule alishuka bondeni kwa usiku kadhaa na pakacha na kurunzi, akaokota mifupa aliyoweza kuiona, akaizika shambani kwake bila ya kumwambia mtu. Mzee huyo ni yule yule ambaye tulimkemea mbele ya watu kwa kufukiza ubani. Hatujapata kukaa naye tukalizungumza hili. Kila tukikutana naye njiani yeye hututangulia kwa salamu.

Tukiisha kukiri hayo, twarudi katika njia ya Santiago, kwa kuwa humo yamo mafunzo juu ya nini watu huwafanyia maiti wasioweza kukataa.

Yakobo aliuawa Baitul Muqaddas yapata mwaka 44. Mnamo karne ya 9 askofu mmoja wa pembe ya mbali ya Hispania, aitwaye Teodomiro, alitangaza kuwa kaburi lake limeonekana huko, ng'ambo ya bahari nzima. Katika karne hiyo hiyo, kwa masimulizi ya watawa wenyewe, mtawa mmoja wa Conques alikaa miaka kadhaa katika kanisa la mji wa Agen akijifanya mwaminifu, kusudi apate kuiba mifupa ya binti mmoja shahidi, na alipoiba akaipeleka kwao, na Conques ikatajirika kwa wasafiri. Jambo hili halikufichwa, lilisimuliwa kwa fahari! Walisema binti mwenyewe alitaka kuhama. Mifupa ya Santiago nayo ilifichwa mwaka 1589 kwa khofu ya manowari za Waingereza, mahali pake pakapotea, ikapatikana tena mwaka 1879 na kuthibitishwa na Papa mwaka 1884. Karibu miaka 300 wasafiri walikuja kumwinamia mtu ambaye wenye kanisa hawakujua yuko upande gani wa sakafu.

Na baya kuliko yote ni hili. Katika vita vya Hispania Yakobo alifanywa kuwa mpanda farasi mwenye upanga, muuaji wa Waislamu. Ilisemwa kuwa alionekana katika vita vya Clavijo mwaka 844, vita ambavyo wanahistoria wa leo waona kuwa havikutokea. Sanamu yake ya namna hiyo imo katika kanisa la Santiago hata sasa, na Waislamu waliolala chini ya kwato huzibwa kwa maua, kwa haya. Sisi twaamini kuwa Hawariyuna walikuwa watu wema, wasaidizi wa Nabii Isa. Mtu wa namna hiyo kutiwa upanga mkononi miaka mia nane baada ya kufa kwake ni dhulma juu yake kabla ya kuwa matusi juu yetu.

Upande wetu pia kuna kisa, na si cha kujisifia. Mwaka 997 al-Mansur bin Abi Amir, aliyekuwa mwenye amri katika Andalusi, aliushambulia mji wa Santiago, akauharibu na kulibomoa kanisa, na yasimuliwa kuwa kengele zake zilichukuliwa mpaka Cordoba kwa mabega ya mateka. Wakristo walipoiteka Cordoba mwaka 1236 wakazirudisha vile vile, kwa mabega ya Waislamu. Lakini mwanahistoria Ibn Idhari amesimulia kuwa al-Mansur alipofika kaburini hakukuta mtu ila mtawa mmoja mzee amekaa. Alipomwuliza afanyalo hapo, mtawa akajibu kuwa anamliwaza Yakobo. Al-Mansur akaamuru asiguswe, na kaburi likawekewa ulinzi lisije likadhuriwa. Hatujui alikuwa na nini moyoni mwake siku ile. Mji wote ulikuwa unaungua naye akaweka walinzi juu ya kaburi moja ambalo hakuliamini. Sisi hatukuwa na vita wala jeshi, na hatukuweka hata mtu mmoja.

Mzee wetu bado hakuridhika. Alisema: mwaonaje hamwoni kuwa heshima ndiyo mlango wa maombi? Leo mwamtunza maiti, kesho mjukuu wenu atamfungia kitambaa. Na alikuwa na ushahidi wa njia ile ile. Ndani ya kanisa kuu la Le Puy, penye milango ya mbao iliyochongwa kwa kuigiza khati yetu ya Kikufi, limo bamba la jiwe jeusi liitwalo Jiwe la Homa. Husemwa kuwa asili yake ni kiunza cha kaburi la kale la namna ya yale ya Gréalou. Wagonjwa wa homa walikuwa wakilala juu yake ili wapone. Kaburi la mtu asiyejulikana limegeuzwa kitanda cha dawa, na limeingizwa kanisani, ijapokuwa watawala wa Kikristo wenyewe walikuwa wakikataza: mwaka 789 mfalme Charlemagne alitoa amri dhidi ya wanaoyafanyia ibada mawe na miti na chemchemi. Amri ikapita, jiwe likabaki. Hata pale Pech-Laglaire, jirani ya kaburi pana msalaba wa kale wa jiwe. Aliyeusimamisha alitaka kuifuta dini ya wale, au alitaka kuwaombea? Msalaba hausemi.

Twakubali kuwa hatari ya mzee wetu ni hatari ya kweli. Lile fuvu la Lozère latuonesha kuwa mkono uliouguza na mkono uliokata hirizi huenda ulikuwa mmoja. Lakini tazama, ewe msomaji, namna mambo mawili haya yanavyotofautiana katika mwelekeo. Amheshimuye maiti amejiona kuwa ana deni kwake: amsitiri, asimsingizie, asimtupe. Amwombaye maiti ameligeuza deni, sasa maiti ndiye anayedaiwa, alete mtoto, alete mvua. Wa Conques walimdai yule binti mapato. Askari walimdai Yakobo ushindi. Wagonjwa wa Le Puy walilidai jiwe afya. Na sisi, tuliofurahi kwa trekta, tulimdai yule wa mnara aondoke ili hotuba zetu zipate kufaulu. Tulimtumia kama walivyomtumia wenye vitambaa. Hatukulijua hilo mpaka tuliposoma habari za kijiji cha Wafaransa.

Tena Mtume wetu (S.A.W.) aliwahi kukataza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu kwa kuwa yakumbusha akhera. Twaona humo kuwa khofu ya kupotoka ilitazamwa na ikapewa haki yake, lakini haikuachiwa kuwa mwisho wa maneno. Na alipokataza kufungiwa safari misikiti isiyokuwa ile mitatu, alitukata tusiwe na Santiago yetu. Hayo hatuyalegezi. Mwenye kuyasoma maneno yetu haya akadhani kuwa tumeruhusu ubani, basi na arudi mwanzo asome tena.

Limebaki swali la wapitaji wa leo. Njia ya Le Puy imewekewa alama na vyama vya watembezi tangu miaka ya 1970, na wengi waipitao sasa hawaendi kwa ajili ya Yakobo. Huenda kwa ajili ya mazoezi, au msiba, au kuacha kazi, au hawajui. Wafikapo Pech-Laglaire huvua viatu, hukaa kwenye kivuli cha kiunza wakala mkate. Vijana wetu waliona kuwa huo ni utovu wa adabu. Mzee wetu, ajabu, ndiye aliyewatetea: alisema mwenye kula mkate kando ya kaburi hakumwomba maiti kitu. Hatukuafikiana. Wengine wetu waona kuwa kutojali nako ni namna ya kubomoa, tena isiyo na kelele. Jambo hili tumeliacha wazi, na msomaji mwenye rai na aturuzuku rai yake.

Ama lile la bondeni hatukuliacha. Tumemwendea yule mzee wa pakacha, watu watatu, baada ya Ijumaa. Tulimwomba radhi kwa siku tuliyomkemea hadharani, si kwa tuliyomkataza. Alitusikiliza, akatuuliza kama twanywa kahawa. Kisha akatuonesha mahali shambani, chini ya mwembe, penye mashahidi mawili ya jiwe la kawaida, bila ya jina. Alisema iko mingine ambayo hakuweza kuifikia, maana kifusi ni kizito na macho yake ni mabovu. Tumeagana naye kwa Jumamosi baada ya Alfajiri. Atakaye kufuatana nasi na aje na jembe na kikapu, na asije na ubani.